Miungu ya Baada ya Kiama

Hadithi nyingi zinazosimulia maisha baada ya maangamizi makuu, yawe ya vita, ya tauni au ya gharika, huwa na mahali pa ibada. Mara chache mahali hapo huwa kanisa au msikiti. Huwa ni mti, mlima, mtambo wa chuma uliokwisha kufa, au magofu ya jiji ambayo hakuna anayeruhusiwa kuyakanyaga ila kuhani. Waandishi wasiofanana kwa nchi, kwa imani wala kwa nia wamefika kwenye picha hiyo hiyo: watu wachache waliosalia wamepoteza umeme, vitabu na serikali, na sasa wana miungu mingi.

Picha hiyo inaibua swali zito la kifalsafa. Mtu aliyepokonywa ustaarabu wake wote, akaanza kuuheshimu mto kama kiumbe chenye roho, je, amerudi nyuma au amerudi nyumbani? Kila mwandishi wa hadithi hizi hulijibu swali hilo hata asipolitamka. Jibu lake huonekana katika namna anavyoifanya dini hiyo izaliwe: kwa kusahau, kwa kukumbuka, kwa kuchagua, au kwa amri ya mwenye nguvu.

Neno na maana yake

Neno pagani lina asili ya Kilatini. Paganus alikuwa mtu wa shamba, mkazi wa kijijini. Katika karne ya 4, Ukristo ulipokuwa ukienea mijini katika Dola ya Kirumi, neno hilo liligeuka kuwa jina la wote walioendelea kuitolea kafara miungu ya zamani. Kiswahili kililipokea kupitia wamisionari pamoja na dharau yake. Mpagani akawa mtu asiye Mkristo wala Mwislamu, na mara nyingi akahesabiwa kuwa hana dini hata kidogo. Siku hizi waandishi waangalifu husema dini za jadi. Huko Ulaya na Marekani mambo yamekwenda kinyume, kwani tangu katikati ya karne ya 20 wapo watu waliojitwalia jina la wapagani kwa hiari na wanaojivunia kuitwa hivyo.

Hapa neno linatumika bila dharau, kwa maana ya dini yenye miungu au roho wengi, iliyofungamana na mahali, na majira ya mwaka na wafu wa mahali hapo, na ambayo huishi katika matambiko, ngoma na miiko zaidi ya kuishi katika kitabu. Sifa hiyo ya mwisho ina uzito wa pekee katika hadithi za baada ya maangamizi. Vitabu huungua. Tambiko hukaa katika miili na vinywa vya watu, kwa hiyo huweza kudumu pale ambapo maktaba imekwisha kuwa majivu.

Wakati unaozunguka

Kiama cha misahafu hutokea mara moja. Katika Uyahudi, Ukristo na Uislamu wakati una mwanzo na una mwisho. Siku ya mwisho hufunga hesabu, wafu hufufuliwa, na baada ya hapo hakuna tena historia ya kidunia ya kusimuliwa. Mwandishi anayetaka kusimulia asubuhi iliyofuata hana budi kuazima wakati wa aina nyingine, ule unaozunguka, ambamo dunia hufa na kuota upya.

Wakati huo ndio uliotawala visa vya kale vya kipagani. Wagiriki walisimulia jinsi Zeus alivyoiangamiza dunia kwa gharika, wakabaki Deucalion na mkewe Pyrrha. Waliagizwa watupe nyuma yao mifupa ya mama yao. Walitambua kwamba mama ni ardhi na mifupa yake ni mawe, wakayatupa mawe, nayo yakawa watu wapya. Mashairi ya Kinorse, yaliyohifadhiwa Iceland katika hati ya karne ya 13, yanasimulia Ragnarök, vita ambamo miungu mikuu inauawa na ardhi inazama baharini. Baadaye ardhi inaibuka tena ikiwa na majani mabichi. Mwanamke na mwanamume, Líf na Lífþrasir, wanasalimika kwa kujificha msituni, chakula chao kikiwa umande wa asubuhi. Miungu iliyobaki inakutana kwenye uwanda wake wa zamani, na hapo nyasini zinaokotwa kete za dhahabu zilizochezewa kabla ya maangamizi.

Kete hizo ni picha ya mapema ya tukio ambalo riwaya za karne mbili zilizopita zimelirudia kwa kila namna: aliyesalia anaokota kitu cha dunia iliyokufa, anakigeuza mkononi na kujiuliza kilikuwa cha nani. Kwa maana hiyo hadithi ya baada ya kiama ina mifupa ya kipagani hata pale mwandishi anapokuwa haamini mungu yeyote.

Ngazi inayoporomoka

Mary Shelley alichapisha *The Last Man* mwaka 1826. Riwaya hiyo inasimulia tauni inayowamaliza wanadamu mwishoni mwa karne ya 21, lakini inafunguliwa katika pango la karibu na Naples, makao ya Sibylla, mtabiri wa mungu Apollo. Humo yanakutwa majani yaliyoandikwa utabiri, na majani hayo ndiyo yanayounganishwa kuwa hadithi. Mwisho wa dunia ya Kikristo unasomwa katika maandishi ya kuhani wa kipagani. Tauni inapozidi, anatokea Paris nabii wa uongo anayewaaminisha wafuasi wake kwamba maradhi hayatawagusa. Shelley aliyaona mapema mambo mawili ambayo waandishi waliomfuata wangeyatenganisha: dini kama sauti ya hekima ya kale, na dini kama mtego kwa watu waliojaa hofu.

Waliomfuata walishika zaidi upande wa pili, na sababu yake ni nadharia iliyotawala elimu ya enzi hiyo. Mwaka 1871 Mwingereza E. B. Tylor alieleza kwamba dini ilianza kwa kuamini roho zilizomo katika vitu, ikapanda hadi miungu mingi, kisha hadi Mungu mmoja. Mwaka 1890 James Frazer alianza kuchapisha *The Golden Bough*, kazi iliyopanga fikra za binadamu katika ngazi tatu: uchawi, dini, kisha sayansi. Anayeamini ngazi hiyo huona pia kwamba inaweza kuteremkwa. Ustaarabu ukivunjika, mwanadamu ataanguka kidato kwa kidato hadi pale alipoanzia.

Jack London aliandika anguko hilo katika *The Scarlet Plague*, iliyochapishwa jaridani mwaka 1912 na kutoka kuwa kitabu mwaka 1915. Ni mwaka 2073, miaka 60 baada ya tauni nyekundu, huko California. Mzee aliyekuwa profesa wa fasihi ameketi na wajukuu wake waliovaa ngozi za wanyama, wasiojua kusoma na wenye maneno machache. Kijijini kwao yupo mganga anayewatisha watu kwa kijiti cha mauti. Mzee anajua kuwa kijiti hakiui mtu, lakini mjukuu wake mmoja anatamani kuwa mganga ili watu wamwogope. Profesa amevificha vitabu katika pango kavu, akitumaini kwamba siku moja vitasomwa. Kwa London dini ya aina hiyo ni hofu iliyopata kiongozi, na dawa yake ni elimu. Riwaya hailiulizi swali la pili: kwa nini watu walioangukia umaskini huo wamtafute mganga kabla ya kumtafuta mwalimu?

Miungu iliyokuwa watu

Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Mgiriki Euhemerus alidai kwamba miungu ilikuwa wafalme wa zamani, watu wa kweli ambao sifa zao zilikuzwa na vizazi hadi wakaabudiwa. Hakuna nadharia ya dini iliyotumiwa na hadithi za baada ya maangamizi kuliko hii. Katika hadithi hizo miungu ni sisi, watu wa leo, na mahekalu ni vituo vya treni, benki na maghorofa yetu.

Mfano ulio safi zaidi ni hadithi fupi ya Mmarekani Stephen Vincent Benét, *By the Waters of Babylon*, iliyotoka mwaka 1937, miezi michache baada ya mji wa Guernica nchini Hispania kupigwa mabomu kutoka angani. Msimulizi ni kijana, mwana wa kuhani. Katika kabila lake makuhani pekee huruhusiwa kugusa chuma kilichotoka katika nyumba za wafu, na lazima watakaswe baada ya kukigusa. Ni mwiko kwa mtu yeyote kuvuka mto mkubwa na kuingia Mahali pa Miungu. Kijana anafunga, anaota ndoto, anasoma ishara za wanyama, kisha anavuka. Msomaji anatambua taratibu kwamba Mahali pa Miungu ni New York. Katika chumba cha juu kijana anaukuta mwili uliokauka wa mmoja wa miungu, ameketi dirishani, na hapo anaelewa: huyu alikuwa mtu.

Benét alifanya jambo ambalo London hakulifanya. Kijana hagundui kwamba dini yake ni upuuzi. Ni kufunga, ndoto na ishara vilivyompeleka kwenye ukweli. Baba yake, ambaye ni kuhani, anamshauri asiwaambie watu yote kwa mara moja, kwa sababu ukweli ukiliwa kwa pupa huua, na huenda wale wa kale walikula maarifa upesi mno. Mwiko wa kugusa chuma, ambao kwa juu ni ujinga, ulikuwa na kiini chake. Ulianza kama kinga dhidi ya ardhi iliyotiwa sumu na vita, ukadumu hata sumu ilipokwisha.

George R. Stewart aliendeleza wazo hilo katika *Earth Abides* ya mwaka 1949. Kijana msomi, Isherwood Williams, anayeitwa Ish, ananusurika maradhi yaliyowaua karibu watu wote na kuanzisha ukoo mdogo karibu na ghuba ya San Francisco. Anajaribu kuwafundisha watoto kusoma na kushindwa, maana maisha yao hayadai kusoma. Siku moja anagundua kwamba wanawachukulia Wamarekani, waliojenga barabara na madaraja, kama viumbe wa kiungu walioiumba dunia. Nyundo yake ya zamani, ambayo kila mwaka huitumia kuchonga tarakimu ya mwaka mwambani, imekuwa kitu kitakatifu ambacho watoto hawathubutu kukigusa. Yeye mwenyewe, alipozeeka, anaulizwa maswali kama mungu anayetoa majibu. Ish anahuzunika mwanzoni, kisha anaacha kupingana na hali hiyo. Anawafundisha kutengeneza upinde, kwa sababu upinde utawasaidia. Anapokaribia kufa wanamtaka ataje atakayeirithi nyundo, naye anamtaja. Dini hiyo hakuipanga yeye wala kuitangaza. Ilimea kwa sababu ukoo ulihitaji kitu cha kuushikilia pamoja.

Hali kama hiyo ilitumiwa katika filamu ya Australia *Mad Max Beyond Thunderdome* ya mwaka 1985. Watoto walioachwa bondeni na ndege iliyoanguka wanamngoja Kapteni Walker arudi kuwapeleka mjini, na kila mara husimulia upya kisa chao kwa maneno yaliyopangwa kama sala. Nyuma ya picha hiyo ipo historia ya kweli ya Melanesia. Katika kisiwa cha Tanna, Vanuatu, wafuasi wa John Frum huandamana kila tarehe 15 Februari wakiwa na mianzi mfano wa bunduki na herufi za USA vifuani, desturi iliyoshika nguvu baada ya majeshi ya Marekani kupita visiwani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Watu wa nje waliziita ibada za kungojea shehena na kuzicheka. Wataalamu wa baadaye walionyesha kwamba ndani yake kulikuwa na swali la haki: kwa nini wageni wana mali nyingi hivyo na wenyeji hawana? Mtoto anayemngoja Kapteni Walker anauliza swali linalokaribiana na hilo.

Tambiko lenye kumbukumbu

Kazi iliyokwenda mbali kuliko zote katika njia hii ni *Riddley Walker* ya Russell Hoban, iliyochapishwa mwaka 1980. Inatokea Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, zaidi ya miaka 2000 baada ya vita vya nyuklia. Riwaya nzima imeandikwa kwa Kiingereza kilichovunjika na kuungwa upya, kama lugha iliyopita katika moto. Watu huishi katika vijiji vilivyozungushiwa boma, wakiogopa makundi ya mbwa, na huchimba mitambo ya kale kutoka matopeni.

Dini yao ni mchanganyiko wa vipande. Viongozi wa serikali hutembea kijiji hadi kijiji wakionyesha mchezo wa vikaragosi kuhusu Eusa, mtu aliyemkamata Adamu mdogo anayeng'aa na kumpasua vipande viwili, na kwa tendo hilo akauwasha moto mkuu ulioimaliza dunia. Msomaji anaona kinachofichwa na maneno: Adamu anayepasuliwa ni atomu. Jina la Eusa limetoka kwa Mtakatifu Eustace, ambaye maisha yake yamechorwa ukutani katika kanisa kuu la Canterbury. Picha ya Kikristo, fizikia ya nyuklia na mchezo wa sokoni vimeyeyuka vikawa kisa kimoja. Pembeni wapo Aunty, mama wa mauti, na uso wa mtu ambaye mizabibu inamtoka kinywani, sanamu ya zamani iliyochongwa katika chumba cha chini cha kanisa hilo hilo.

Hoban anaupindua mtazamo wa London. Watu wa Kent wamesahau ukweli wote wa kisayansi, lakini kisa chao kinakumbuka jambo ambalo wanasayansi walilipuuza, yaani kwamba kumpasua yule mdogo kulikuwa na gharama. Hatari haitoki kwa wanaoamini kisa. Inatoka kwa kiongozi anayetaka kukivua utakatifu wake ili apate ufundi uliofichika ndani, na anachokipata ni baruti. Mlipuko wa kwanza unamuua yeye mwenyewe. Riddley, kijana msimulizi, anaondoka na vikaragosi vyake akiwa ameamua kwamba nguvu ya kweli ni kuacha kuitafuta nguvu.

Ulinganisho na *A Canticle for Leibowitz* ya Walter M. Miller, riwaya iliyotoka kuwa kitabu mwaka 1959 na kutunukiwa tuzo ya Hugo mwaka 1961, unasaidia kuona kiini cha jambo. Miller, aliyeshiriki kupiga mabomu abasia ya Monte Cassino mwaka 1944 kisha akawa Mkatoliki, aliikabidhi kazi ya kukumbuka kwa watawa. Karne sita baada ya vita wanaenzi orodha ya manunuzi ya fundi umeme kama masalio ya mtakatifu, na neno la vumbi la nyuklia wanalidhani ni jina la jini la kutisha. Watawa hao si wapagani, lakini wanafanya kile kile walichofanya watoto wa Ish: wanalinda wasichokielewa. Wanafanikiwa kuhifadhi maarifa, na maarifa hayo yanazaa mabomu mapya. Kwa hiyo tofauti ya dini ya kitabu na dini ya tambiko, katika hadithi hizi, haiko katika akili na ujinga. Dini ya kitabu huhifadhi maarifa yenyewe. Dini ya tambiko huhifadhi hofu inayopaswa kuandamana nayo.

Upagani wa kuchagua

Kundi la pili la hadithi halisimulii kusahau. Wahusika wake wanajua vizuri umeme ni nini na atomu ni nini, na hata hivyo wanaamua kuishi na miungu. Msukumo ulitoka nje ya fasihi. Mwaka 1951 Uingereza ilifuta sheria yake ya zamani ya uchawi, na mwaka 1954 Gerald Gardner akachapisha *Witchcraft Today*, kitabu kilichoitambulisha kwa umma dini ya Wicca, yenye mungu wa kike na wa kiume na sikukuu nane zinazofuata jua na mavuno. Mwaka 1967 mwanahistoria Lynn White aliandika katika jarida la *Science* kwamba Ukristo wa Magharibi, kwa kuziondoa roho katika miti na chemchemi, ulimpa binadamu ruhusa ya kuitumia dunia bila kujali. Hoja hiyo ilipingwa na wengi, lakini iliwapa waandishi swali jipya: ikiwa dunia iliangamia kwa sababu ilionekana haina roho, je, wokovu hautakuwa katika kuirudishia roho zake?

Ursula K. Le Guin alijibu katika *Always Coming Home* ya mwaka 1985, kitabu kinachokusanya visa, mashairi, ramani na hata mapishi ya watu wa Kesh, watakaoishi kaskazini mwa California baada ya bahari kupanda na ardhi kutiwa sumu. Jamii yao imegawanyika katika Nyumba tisa. Tano ni za Ardhi, ambamo wamo watu walio hai. Nne ni za Anga, ambamo wamo wafu, ndoto na wanyama wa porini. Wafu na ndoto ni raia kama walio hai. Mtandao wa kompyuta bado upo na mtu yeyote anaweza kuuliza lolote, ila Wakesh huuliza machache. Jirani zao, watu wa Kondori, wanamwabudu Mmoja, wanajenga mashine za vita, na wanaporomoka kwa njaa ya mradi wao wenyewe. Le Guin alikuwa binti wa Alfred Kroeber, mwanaanthropolojia aliyechunguza maisha ya wenyeji wa California, na wa Theodora Kroeber, aliyeandika maisha ya Ishi, mtu wa mwisho wa Wayahi, aliyejitokeza mwaka 1911 baada ya watu wake kuuawa. Kwa familia hiyo kiama hakikuwa cha kubuni. Kilikwisha kuwapata wenyeji wa California.

Starhawk, mwandishi wa *The Fifth Sacred Thing* ya mwaka 1993, ni kuhani wa kike wa Wicca katika maisha yake halisi. Riwaya yake inachora San Francisco ya mwaka 2048, mji uliofukua vijito vilivyokuwa chini ya lami na kupanda bustani barabarani. Sheria yake ya msingi inatangaza kwamba ardhi, hewa, moto na maji ni vitakatifu, kwa hiyo haviwezi kuuzwa wala kumilikiwa na mtu. Jeshi la kusini linapovamia, wakazi wanapinga bila silaha, wakiwaambia askari kwamba wametengewa nafasi mezani ikiwa watachagua kujiunga. Upagani hapa una kazi ya kisiasa iliyo wazi: kilicho kitakatifu hakiingii sokoni.

S. M. Stirling, katika *Dies the Fire* ya mwaka 2004, alichagua mtazamo wa mkulima. Tarehe 17 Machi 1998 umeme na baruti vinaacha kufanya kazi duniani kote. Huko Oregon, Juniper Mackenzie, mwimbaji na kuhani wa Wicca, anawakusanya watu shambani na kuanzisha ukoo. Kalenda ya ibada yake, ambayo mjini ilikuwa ishara tupu, sasa inalingana na kupanda na kuvuna, na waliojiunga kwa njaa wanabaki kwa imani. Stirling anaonyesha vizuri jinsi dini inavyopata uzito mpya riziki inapotegemea mvua na udongo.

Miungu ya watawala

Kuchagua kunahitaji uhuru, na hadithi nyingine zinakumbusha kwamba dini ya kipagani inaweza pia kuwa mnyororo. Katika filamu *Beneath the Planet of the Apes* ya mwaka 1970, watu waliosalia chini ya New York wanaliabudu bomu la nyuklia kwa nyimbo za kanisani. Katika *Mad Max: Fury Road* ya mwaka 2015, Immortan Joe anamiliki maji na anawaahidi vijana wagonjwa kwamba wakifa vitani watapokewa Valhalla, pepo ya Kinorse ya waliokufa vitani; injini ya gari ndiyo ishara yao takatifu na usukani ndio madhabahu. Vijana hao wanakufa kwa furaha. Anayeimiliki chemchemi amejimilikisha na pepo.

Mchezo wa video wa *Horizon Zero Dawn*, uliotengenezwa Uholanzi na kutolewa mwaka 2017, unaziweka dini kadhaa pamoja. Wanora wanamwabudu Mama wa Wote ndani ya mlima. Wakarja wanaliabudu Jua, na mfalme wao wa zamani aliwatoa watu kafara uwanjani. Wabanuk wanasikia roho ndani ya mashine. Shujaa, Aloy, anagundua kwamba sauti ya mlimani ni ya mlango wa kompyuta, na kwamba watu walikua bila elimu kwa sababu tajiri mmoja wa zamani alifuta hazina yote ya maarifa waliyotayarishiwa. Lawama ya ujinga inahama hapa kutoka kwa waumini hadi kwa aliyewanyima urithi wao.

Kwa jicho la Afrika

Nadharia ya ngazi ilijengwa kwa kuwatazama watu waliotawaliwa, na dini zao zikawekwa kwenye kidato cha chini. Hadithi inayosema kwamba wanadamu wakianguka watavaa ngozi na kumtii mganga inawaambia Waafrika, na wenyeji wa Marekani na Oceania, kwamba wao ndio sura ya anguko. Kwa hiyo waandishi wa Kiafrika wanaoingia katika uwanja huu huanza kwa deni ambalo wenzao hawana.

Historia ya pwani ya Kenya inaonyesha kwamba mahali palipohamwa panaweza kuwa patakatifu bila mtu yeyote kusahau kitu. Wamijikenda waliishi katika kaya, makazi yenye ngome ndani ya misitu, wakahama hatua kwa hatua hadi makazi hayo yakaachwa kabisa kufikia miaka ya 1940. Misitu ikabaki makao ya mababu. Wazee wa kaya wanaitunza, ukataji miti ni mwiko, na mwaka 2008 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Anayeingia humo anajua hasa ni nani aliyeishi pale. Utakatifu wa kaya umetokana na ujuzi, na umeilinda misitu ambayo pengine ingekwisha kukatwa.

Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, aliiweka *Who Fears Death* ya mwaka 2010 katika Sudan ya wakati ujao, ambako kompyuta mbovu zinaonekana kandokando ya uganga wenye nguvu za kweli. Hakuipamba dini ya zama hizo. Kitabu Kikuu kinawafundisha watu kwamba Waokeke wameumbwa kuwa watumwa wa Wanuru, na Waokeke wenyewe wanakiamini. Onyesonwu, binti aliyezaliwa kwa ubakaji wa kivita, anajifunza uganga kwa bidii hadi anakiandika upya kitabu hicho. Imani haitupwi, inatengenezwa na yule iliyemuumiza.

Filamu fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu, *Pumzi*, ya mwaka 2009, ni kimya zaidi. Ni miaka 35 baada ya vita vya maji. Watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, wakinywa maji yanayosafishwa kutoka jasho na mkojo wao, na ndoto zinazimwa kwa vidonge. Asha, mtunzaji wa makumbusho, anapokea udongo usio na sumu na anaota mti. Anaipanda mbegu ya Maitu, neno la Kikuyu lenye maana ya mama, anatoroka nayo hadi jangwani, anaimwagilia maji yake ya mwisho na kulala juu yake kuitilia kivuli. Hakuna mungu anayetajwa, wala kuhani. Zipo ndoto, mti na sadaka ya mwili, vitu ambavyo mzee yeyote wa jadi angevitambua.

Je, miungu hiyo ipo?

Kuhusu ukweli wa miungu, hadithi hizi zina majibu matatu. La kwanza, la London, ni kwamba haipo na imani juu yake ni ugonjwa wa ujinga. Udhaifu wake ni kwamba dunia ya riwaya hizi kwa kawaida imeangamizwa na watu wenye elimu kubwa, kwa hiyo elimu peke yake haiwezi kuwa dawa kamili. La pili, la Stewart na Starhawk kila mmoja kwa njia yake, ni kwamba ukweli wa miungu hupimwa kwa wanachowezeshwa watu kufanya: kuungana, kuacha, kulinda chemchemi. Jibu hilo nalo lina mpaka, maana Immortan Joe pia aliwaunganisha watu. Bila kipimo cha haki, manufaa ya dini huweza kuwa ya mtawala peke yake.

La tatu ni kwamba ipo kweli. Katika vitabu vya baadaye vya Stirling miungu inazungumza na kutenda. Kwa Okorafor roho ni sehemu ya dunia kama mchanga. Msomaji hatakiwi kuamini hivyo nje ya kitabu. Anatakiwa kufikiri ingekuwaje kama mto ungekuwa mtu wa kuombwa radhi kabla ya kuchotwa. Wakesh wa Le Guin wako katikati ya majibu ya pili na ya tatu. Hawabishani kama roho zipo, wanazipa nafasi katika orodha ya nyumba zao na kuendelea na kazi ya shamba.

Majibu yote matatu yanakubaliana katika jambo moja. Waliosalia hawawezi kuishi kwa zana peke yake. Wanahitaji mipaka ya kile ambacho mkono haupaswi kukigusa, na mtu wa kuwakumbusha mipaka hiyo baada ya sababu zake kusahaulika. Kijana wa Benét aliivuka mipaka hiyo kwa kufunga na kwa hofu, na akarudi na maarifa. Kiongozi wa Kent aliivuka kwa pupa, na hakurudi.